Nyumba ya Kioo Mbele ya Jua la Katanga: Hoja Tisa na Majibu Yake

Wasomaji wa Lubumbashi hawahitaji kusimuliwa upya utetezi wa nyumba mpya zinazoota Golf, Bel-Air, Kampemba na kwenye parseli za Annexe. Mmeusikia kwa fundi, kwa muuza viwanja, kwa shemeji aliyerudi safari na picha kwenye simu. Nyumba yenyewe mnaijua. Ni sanduku jeupe na kijivu, paa limefichwa nyuma ya ukuta mfupi, kioo cha giza kinaanzia sakafuni hadi darini. Upenu hakuna, baraza hakuna, ua wote umesakafiwa, na mashine za viyoyozi zimepangwa ukutani. Nimeusikiliza utetezi wake kwa makini, kwa sababu wanaoutoa si wajinga na fedha wanazojengea ni za jasho lao. Nitauchukua hoja kwa hoja, nitaieleza kila moja kwa nguvu zake zote, kisha nitaipima. Ninyi ndio mahakimu. Ninachoomba ni kwamba kila hoja ihukumiwe kwa ushahidi wa mahali hapa: jua, usiku, mvua na umeme wa Haut-Katanga.

Hoja ya kwanza: mji umezidi kuwa na joto, Oktoba haivumiliki, kwa hiyo nyumba ya leo lazima ijengwe kwa ajili ya kiyoyozi. Nusu ya kwanza naikubali bila sharti. Oktoba ni kali, na dunia nzima inapata joto. Ila hitimisho halitokani na dai. Lubumbashi imekaa kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mwezi Oktoba wastani wa joto la mchana hufika kama digrii 32, na wastani wa usiku wa mwezi huohuo hushuka hadi digrii 16 au 17. Julai usiku hushuka chini ya 10, na watu hutafuta mablanketi. Linganisheni na Dubai, ambako nyingi za picha hizi hutoka. Huko usiku wa Agosti hukaribia digrii 30, hewa ya nje haisaidii chochote, na mashine ni ya lazima kweli. Kwetu, katika mwezi mkali kuliko yote, kila usiku huleta mlangoni hewa iliyopoa kwa digrii 15, bila malipo. Nyumba inayoipitisha hewa hiyo usiku, ikapoza kuta na sakafu, kisha ikafungwa asubuhi, huanza mchana ikiwa na akiba ya ubaridi.

Jambo hilo limeshajaribiwa katika hali ya hewa inayofanana na yetu. Mwaka 1996 kulifunguliwa Harare jengo la Eastgate, kazi ya msanifu Mick Pearce na wahandisi wa kampuni ya Arup. Harare nayo iko juu ya uwanda, nayo ina usiku wa baridi. Pearce alitazama jinsi vichuguu vya mchwa vinavyopitisha hewa, akabuni jengo ambalo usiku huvuta hewa baridi kupitia zege lake, na mchana huutumia ubaridi huo bila mitambo ya kawaida ya viyoyozi. Jengo hilo ni la ofisi na maduka, lenye mamia ya watu na mashine zao. Vichuguu tunavyo, vikubwa, pande zote za mji huu. Anayesema kwamba nyumba ya familia moja haiwezi kufanya kilichofanywa na jengo la maduka anadaiwa maelezo, na mpaka leo hajayatoa.

Hoja ya pili ndiyo inayopendwa zaidi: nyumba za zamani zilikuwa na giza, kioo kikubwa huleta mwanga na furaha. Ni kweli kwamba nyumba nyingi za kambi za wafanyakazi zilikuwa na madirisha finyu, na hakuna anayezililia. Lakini fuateni hoja hii hatua kwa hatua kama inavyotekelezwa. Kioo kinawekwa ili mwanga uingie ndani. Kwa kuwa mwanga huo huja na joto, huagizwa kioo cha giza. Kwa kuwa kioo cha giza chenyewe hushika joto na kulirudisha chumbani, huongezwa pazia zito. Kwa kuwa pazia limefungwa tangu saa tatu asubuhi, taa huwashwa mchana kweupe. Hoja ilianza na mwanga ikaishia kwenye balbu. Imepingwa na hatua zake zenyewe, hata kabla mpinzani hajafungua mdomo.

Hesabu nayo inaikataa. Saa kumi alasiri, jua la magharibi linapotazamana na ukuta, kila mita ya mraba ya ukuta huo inaweza kupokea zaidi ya wati 500. Dirisha la mita za mraba 6 litapokea zaidi ya wati 3,000, na kioo cha kawaida hupitisha sehemu kubwa yake. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba, kile cha BTU 12,000, huondoa kama wati 3,500 za joto kikifanya kazi kwa nguvu zake zote. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba amenunua dirisha, kisha amenunua mashine nzima ya kupigana na dirisha hilohilo. Pazia haliokoi sana, kwa sababu joto limeshavuka kioo; kivuli chenye faida ni kile kilicho nje. Zaidi ya hayo, madirisha ya alumini ya kuteleza hufunguka nusu tu ya upana wake, na mengine yamewekwa yasifunguke kabisa. Basi ile hewa ya usiku, ambayo ndiyo mali kuu ya hali ya hewa yetu, imefungiwa nje. Anayetaka mwanga wa kweli aweke madirisha ya kiasi upande wa kaskazini na wa kusini, yanayotazamana, yenye kivuli juu yake. Chumba kitapata mwanga tulivu siku nzima na pazia litabaki wazi.

Hoja ya tatu: upenu na baraza ni hasara. Parseli ni ndogo, bati na mbao ni ghali, na eneo la baraza lingetosha chumba kimoja zaidi. Hii ni hoja ya mtu mwenye kalamu na karatasi, kwa hiyo tumjibu kwa kalamu na karatasi. Lubumbashi iko kama digrii 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 24 Oktoba na karibu tarehe 18 Februari. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi karibu tarehe 20 Machi, saa sita mchana jua haliwi chini ya digrii 78 juu ya upeo, liwe kaskazini au kusini. Kwa jua la namna hiyo, upenu wa sentimita 90 hufunika kwa kivuli ukuta mzima wa mita 3 pande zote mbili. Mwezi Juni, wakati wa baridi, jua la adhuhuri hushuka hadi digrii 55 upande wa kaskazini. Likipita chini ya upenu uleule hupasha joto zaidi ya nusu ya chini ya ukuta na milango, majira yaleyale ambayo watu wanalihitaji. Upenu mmoja, usio na injini wala swichi, unakataa jua msimu wa joto na kulikaribisha msimu wa baridi. Hakuna kifaa kinachouzwa madukani kinachofanya kazi hiyo kwa bei hiyo.

Kuhusu nafasi, angalieni kinachotokea baada ya nyumba kumalizika. Mwenye nyumba aliyefuta baraza ili aokoe mita za mraba hugundua kwamba jioni sebuleni hakukaliki. Hujenga paillote uani, anaweka viti, na familia nzima huhamia huko kula na kupokea wageni. Nafasi aliyoiokoa mbele ya nyumba ameitumia tena nyuma ya nyumba, na mara hii ukuta wake haukupata kivuli chochote. Amelipa mara mbili kwa kitu kilekile na kupata nusu ya faida. Kama baraza ni hasara, mbona kila aliyeikataa huijenga upya akiwa ameshahamia?

Watetezi wakifika hapa huongeza neno: upenu hauzuii jua la asubuhi na la jioni, ambalo huja likiwa chini. Wako sahihi kabisa, na jambo hilo linawageukia. Kwa kuwa kuta za mashariki na magharibi haziwezi kulindwa na upenu mfupi, hizo ndizo kuta zisizotakiwa kuwa na kioo. Huko huwekwa stoo, ngazi, bafu, jiko. Huko hupandwa mwembe au mparachichi. Mkisema barabara ndiyo inayoamua parseli inatazama wapi, nitakubali. Ila barabara haiamui chumba kipi kikae wapi ndani ya parseli, wala haijamlazimisha yeyote kuweka sebule ya kioo upande wa machweo kwa sababu tu geti liko huko.

Hoja ya nne inalitetea paa lililofichwa. Inasema bati likionekana nyumba huonekana ya kizamani, na kwamba ukuta mfupi unaopanda juu ya paa huipa nyumba mistari iliyonyooka. Suala la sura sitalibishia. Macho ya mtu ni yake. Nabishia maji na joto. Mji huu hupata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Paa la mita za mraba 150 hupokea basi lita 180,000 katika msimu mmoja. Paa lenye upenu huyatupa maji hayo nje ya nyumba, mbali na ukuta. Paa lililofichwa huyakusanya katika mlizamu uliolala juu ya ukuta wenyewe, ndani ya nyumba, na kuyasukuma kwenye bomba moja au mawili. Majani yakiziba bomba, maji hayana njia nyingine isipokuwa darini. Madoa ya manjano kwenye dari za nyumba zisizotimiza miaka mitano ni ushahidi ambao kila mmoja wenu amewahi kukaa chini yake.

Joto ndiyo sehemu ya pili ya kesi hii. Katika nchi ambayo jua hupita utosini, paa hupigwa kuliko ukuta wowote: adhuhuri kukiwa na anga safi, kila mita yake ya mraba hupokea karibu wati 1,000. Bati la rangi ya giza linaweza kupita digrii 60. Ukilizungushia ukuta unaozuia upepo, kisha ukaweka chini yake dari ya plastiki ya milimita chache bila tundu la kutolea hewa, umejenga tanuri juu ya vitanda vya watoto. Dawa yake inajulikana. Huko Gando, Burkina Faso, Francis Kéré alijenga shule ya msingi mwaka 2001 kwa matofali ya udongo, akaliinua bati juu, mbali na dari, ili upepo upite katikati na uondoke na joto. Nchi ile ina joto kutushinda sana. Kéré alipewa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, heshima kubwa kuliko zote katika usanifu, basi hakuna awezaye kusema bati linaloonekana ni aibu.

Hoja ya tano: tofali la simenti ni la kisasa na imara, udongo ni wa maskini. Hapa kuna ukweli mara mbili, nami nautaja wote. Matofali mabichi yasiyolindwa huyeyuka kwa mvua, na kila msimu kuna familia inayoangukiwa na ukuta. Tena, matofali ya kuchoma hula kuni, na miombo inayouzunguka mji imeshakatwa sana kwa ajili ya makala na tanuri za matofali. Hizo ni sababu za kuuboresha udongo. Watetezi wanazigeuza kuwa sababu za kuuacha. Tazameni kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo katikati ya mji: ni la matofali ya kuchoma, limepigwa na mvua karne nzima, na linasimama. Nyumba za matofali za Makomeno zimewazidi umri wengi wanaozidharau. Ukuta mnene wa tofali lisilo na tundu huchukua saa kadhaa kupitisha joto la mchana, na linapofika ndani usiku umeshaingia na madirisha yako wazi. Tofali jembamba la simenti lenye matundu hulipitisha mapema, familia ikiwa bado inahangaika na jua.

Kuhusu kuni, simenti haina usafi wa kujivunia. Ili ipatikane, mawe ya chokaa huchomwa katika tanuri la digrii zipatazo 1,450, kisha mifuko mingi hupanda malori kutoka Zambia na kupita Kasumbalesa. Moto upo, tofauti ni kwamba hatuuoni. Aliyejali miti kwa dhati angechagua tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na simenti kidogo, ambalo halichomwi kabisa. Udongo wake tunaukanyaga, na ule wa vichuguu umewatosha mafundi wetu kwa vizazi. Hoja inayotumia miti kumshtaki fundi wa matofali, kisha ikanyamaza kuhusu jenereta inayonguruma usiku kucha nje ya villa ya simenti, haijali miti.

Hoja ya sita ni ya wezi na mbu: dirisha likiwa wazi usiku, wote huingia. Siipuuzi. Watu wameuawa kwa sababu ya simu, na malaria inajulikana katika kila nyumba yetu. Ila hoja hii inachanganya dirisha lililo wazi na dirisha lisilo na ulinzi. Vyuma vya kuzuia wezi viko tayari kwenye karibu kila dirisha la mji, na wavu wa mbu ni bei ndogo sana ikilinganishwa na kiyoyozi. Matundu ya hewa yaliyo juu, karibu na dari, hayafikiwi na mkono wa mwizi, na ndiyo yanayotoa hewa ya moto, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Kuta za matofali yenye matundu yanayopitisha upepo na kukata jua zilijengwa katika mji huu tangu miaka ya 1950. Zaidi ya hayo, katika hoja ya pili tuliambiwa kioo kikubwa ni furaha. Katika hoja ya sita tunaambiwa wezi ni hatari. Wanaoshikilia zote mbili watuambie ni mwizi gani anayeogopa kioo kuliko chuma.

Hoja ya saba inaomba subira: umeme utatengemaa, na usipotengemaa kuna paneli za jua. Tuanze na ahadi ya kwanza. Bwawa la Inga la kwanza lilianza kazi mwaka 1972, la pili mwaka 1982, na mwaka huohuo laini ya kilomita zipatazo 1,700 ikafika Kolwezi. Leo, zaidi ya miaka 40 baadaye, ni kama Mkongomani mmoja tu kati ya watano anayepata umeme. Katanga ina migodi inayotaka umeme kuliko unaopatikana, kiasi cha kuununua Zambia, na mwaka 2024 ukame uliitia Zambia yenyewe gizani kwa saa nyingi kila siku. Mwenye villa naye haamini subira anayoihubiri. Kabla hajapaka rangi ya mwisho ameshaagiza jenereta. Nyumba iliyochorwa kwa kutegemea umeme, na mchoraji wake akijua umeme hautoshi, ina kosa tangu kwenye karatasi.

Paneli za jua ni kitu chema, nami nazitetea popote. Lakini zitumikie nini? Viyoyozi 3 vinavyovuta kilowati 1 kila kimoja, vikifanya kazi saa 6, hutumia kilowati-saa 18. Feni 5 za dari zenye wati 60 kila moja, zikizunguka saa 10, hutumia kilowati-saa 3. Katika nyumba iliyopangwa vizuri feni zatosha, na mfumo mdogo wa paneli na betri ambao mwalimu au muuguzi anaweza kuulipia polepole utaendesha pia taa, redio na friji. Katika nyumba ya kioo, mfumo mara sita ya huo hautafanya zaidi ya kurekebisha kosa la msanifu. Anayezitaja paneli kama jibu la nyumba mbaya amebadilisha deni la mafuta kuwa deni la betri, na anayelipa ni yuleyule.

Hoja ya nane ina uchungu ndani yake, na inastahili jibu lenye heshima: mnataka kuturudisha kwenye nyumba za wakoloni, au kwenye nyumba za kijijini. Historia ya mji huu inaipa hoja hiyo uzito. Élisabethville, iliyoanzishwa mwaka 1910, iligawanywa kwa rangi, ikawekwa eneo tupu kati ya Wazungu na Waafrika. Kamalondo ilianza mwaka 1921 kama Cité Albert kwa utaratibu huo. Upande mmoja ulipata mabaraza mapana, parseli kubwa na miti. Upande wa pili ulipata vyumba vidogo vilivyobanana. Basi tujiulize dhulma ilikuwa wapi. Ilikuwa kwamba kivuli, upepo na nafasi vilipewa wachache. Dhulma hiyo haiponywi kwa kuvifuta kwa wote. Huponywa kwa kuvipata sisi nasi. Baraza lenyewe halikuletwa na Mbelgiji. Watu wa pwani walikuwa wakiketi kwenye mabaraza ya Zanzibar na Lamu kabla ya mgodi wa kwanza wa Union Minière, na paa la nyasi linaloshuka chini hadi kuwapa wenyeji wake kivuli lilijengwa na Wasanga na Walamba kabla ya ramani yoyote ya Élisabethville.

Tena hoja hii inajipinga kwa jambo moja lililo wazi. Inakataa upenu kwa sababu ni wa kigeni, kisha inapokea sanduku la kioo lililobuniwa kwa nchi zenye majira ya baridi kali, ambako jua huwindwa dirishani, nalo likatufikia kwa njia ya Dubai na Johannesburg. Hata usasa wenyewe hausemi wanachodai. Wasanifu waliofanya kazi hapa miaka ya 1950, kama Claude Strebelle, walikuwa watu wa kisasa wa zama zao, na kizazi chao kote katika nchi za joto kiliweka vizuia jua, kuta za matundu na mapaa yenye kivuli. Maxwell Fry na Jane Drew walichapisha mwaka 1956 kitabu kizima kuhusu usanifu wa kisasa wa nchi za joto zenye unyevu. Usasa na kivuli havijawahi kugombana. Ugomvi umeletwa na wauzaji wa michoro.

Hoja ya tisa huja mwisho, zingine zikishaanguka: mteja ndiye anayetaka hivyo, na msanifu ni mtumishi. Mteja gani? Lubumbashi imejaa wapangaji. Aliyechagua kioo hakai nyuma yake. Anayekaa ni mpangaji, na ndiye anayenunua mafuta ya jenereta. Hata mwenye nyumba anayejijengea huchagua kati ya vile alivyoonyeshwa, na alichoonyeshwa ni picha ya nje, iliyochorwa jioni, bila jua. Hakuonyeshwa joto la chumba chake saa tisa alasiri ya mwezi Oktoba, wala gharama ya kukipoza kwa miaka kumi. Mgonjwa akiomba dawa isiyomfaa, daktari humweleza madhara yake kabla ya kuandika. Msanifu na fundi wana wajibu huohuo, na ujira wanaoupokea ni wa ujuzi wao, siyo wa utii wao.

Hizo ndizo hoja, na huo ndio ushahidi. Sidai kwamba nyumba nzuri ya Lubumbashi haitahitaji mashine kamwe. Mgonjwa, mtoto mchanga au ofisi yenye kompyuta nyingi inaweza kuihitaji siku kadhaa za Oktoba. Nadai kwamba mashine iwe msaada wa siku chache, isiwe sharti la kuishi ndani. Kwa hiyo, kabla msingi haujachimbwa, kila anayejenga amtake mchoraji amjibu mambo matano kwa maandishi. Jua la saa kumi alasiri linaingia chumba gani? Ni kivuli gani kilicho nje ya kila dirisha? Hewa ya usiku inaingia wapi na kutoka wapi, mlango ukiwa umefungwa? Kuna nini kati ya bati na kitanda? Umeme ukikatika siku tatu, familia italala wapi? Na ofisi ya Urbanisme et Habitat, ambayo hupokea michoro kabla ya kutoa kibali cha kujenga, iyaweke maswali hayohayo kwenye fomu yake. Kuyauliza hakuna gharama, na mchoro usioweza kuyajibu usipewe muhuri.